Natafutwa kwa Sauti Yangu Mwenyewe

Mlionitukana baada ya kusoma ya wiki iliyopita, matusi yenu yamenifika. Mmoja ameniita bata mzinga. Nayapokea yote, ila wekeni akiba, maana leo mtayahitaji zaidi.

Kwa aliyechelewa, habari ni hii. Kazi yangu ni kupita mitaani na gari lenye spika mbili juu, nikitangaza maagizo ya ofisi ya afya: osheni mikono, vaeni barakoa, mwenye kikohozi akae ndani. Watu wananiita Spika. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, wetu wa kwanza. Wodi ya wazazi ilikuwa imefungwa kwa wageni wote, isipokuwa msaidizi mmoja kwa kila mzazi, na msaidizi wake alikuwa mama mkwe.

Mimi nilikuwa na kikohozi. Kidogo tu, cha pipi za koo. Mke wangu aliniuliza kwenye simu kama ninakohoa, nikamwapia kwamba sikohoi. Kesho yake nikaazima vazi jeupe la wapuliza dawa, nikabeba na mtungi wao mgongoni na miwani yao usoni, na mlinzi akanifungulia geti mwenyewe. Mke wangu alikuwa usingizini. Mama mkwe alikuwa ameenda kufua. Nikavua barakoa ili mwanangu aione sura ya baba yake, nikambusu puani.

Hapo ndipo nilipowaacha.

Siku ya tatu mtoto akapanda homa. Akawa anapiga chafya ndogo ndogo na kunyonya kwa kusuasua. Wakampima, wakakuta ana korona. Wakampima mama yake, wakakuta hana.

Niliogopa, jamani. Mtoto hata kitovu hakijadondoka. Mimi baba yake ndiye niliyekuwa wa kwanza kumpa kitu hapa duniani, na kitu chenyewe ndicho hicho.

Mchana ule ule akaja Bwana Afya, mkuu wangu wa kazi, na fomu yake ya kutafuta chanzo cha ugonjwa. Bwana Afya ni mtu anayeheshimu fomu kuliko anavyowaheshimu waliomo ndani ya fomu. Tulikaa koridoni, upande wa huku wa kioo. Upande wa pili kulikuwa na kitanda cha mke wangu, mtoto kwenye kijitanda chake, na mama mkwe amesimama kama askari wa benki. Tuliongea kwa simu ya ukutani yenye kipaza, kila neno linasikika korido nzima.

"Jina la mgonjwa?"

"Bado hatujampa," mke wangu akajibu.

"Nitaandika anajulikana kwa sura. Kazi yake?"

"Ana siku tatu, mzee," nikasema.

"Nimeuliza kazi. Umri uko ukurasa wa pili."

"Basi andika hana kazi."

Mama mkwe akadakia. "Usimwandike mjukuu wangu hana kazi, wakamwona mzururaji. Ananyonya usiku na mchana, hapumziki. Andika amejiajiri."

Bwana Afya akaandika amejiajiri.

"Siku kumi na nne zilizopita alikuwa wapi?"

"Siku tatu yuko hapa," mke wangu akasema. "Kumi na moja alikuwa tumboni."

"Huko tumboni alikutana na watu wangapi?"

"Alikuwa peke yake. Sikubeba mapacha."

"Una hakika hakukuwa na mkusanyiko?"

Mke wangu akamtazama muuguzi wa zamu, mama mmoja mnene mwenye subira. Muuguzi akachukua simu. "Bwana Afya, hawa wachanga kwa kawaida hawaji nao. Wengi hupewa na wanaowabeba baada ya kuzaliwa. Na wengi wao hupona. Huyu anyonyeshwe, mama avae barakoa, aoshe mikono, tuiangalie homa. Basi."

"Nimekuelewa," Bwana Afya akasema. "Waliombeba ni nani?"

Likaletwa daftari la wageni. Jina lilikuwa moja tu, la mama mkwe.

"Lakini mimi nimepimwa mara mbili," mama mkwe akasema. "Mara mbili wameniambia sina."

"Mama, sijasema unao. Nimesema wewe ndiye chanzo."

"Nitakuwaje chanzo cha kitu nisichokuwa nacho?"

"Hilo si swali la fomu hii. Fomu hii ina nafasi ya chanzo, na haipokei nafasi tupu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo, kikaja kikohozi, nikakimeza pamoja na maneno. Mwanamume mzima, mwenye sauti inayosikika mitaa minne, nikakosa sentensi moja.

Wakamchukua mama mkwe. Chumba cha karantini cha hospitali ile kilikuwa kimoja, mwisho wa korido ile ile, zamani ilikuwa stoo ya magodoro. Kitanda kimoja, chanzo kimoja. Akapita mbele yangu akiwa na kanga yake na kopo la kuogea.

"Mkwe wangu," akaniambia kutoka mbali, "usihangaike na mimi. Mwangalie mwanangu. Ana mshono, hawezi kuinuka, hawezi kumwinua mtoto. Mtafute aliyetufanyia hivi."

"Nitamtafuta, mama," nikasema.

Ndiyo, nilisema hivyo. Andikeni tusi la kwanza.

Sasa mnielewe vizuri tatizo lilipokuwa. Wodi haikuruhusu msaidizi mwingine mpaka wa kwanza afutwe kwenye daftari, na wa kwanza asingefutwa mpaka chanzo halisi kipatikane. Wauguzi walikuwa wawili kwa vitanda ishirini. Mke wangu akabaki peke yake na kidonda cha tumbo na mtoto mwenye homa, na kila mtoto akilia ilibidi ajivute kwa mikono miwili kama mtu anayepanda ukuta. Neno langu moja lingemrudishia mama yake. Lakini neno hilo hilo lingemwambia kwamba nilimwapia uongo, nikamletea mtoto wake ugonjwa, kisha nikakaa kimya mama yake akichukuliwa. Kila siku niliyochelewa deni la neno hilo lilizidi kuwa zito.

Siku ya nne mlinzi wa geti akakumbuka. Akamwambia Bwana Afya kwamba kuna mpuliza dawa mmoja aliingia wodini siku ambayo hakukuwa na ratiba ya kupuliza, tena alitoka analia kwa kwikwi.

Bwana Afya akaniita ofisini. Nikajua yamekwisha. Nilishaanza kuvua kitambulisho.

"Spika, tuna bahati. Chanzo kipo, kinatembea. Na wewe ni mwathirika, basi utalisoma kwa uchungu. Andaa tangazo."

"Tangazo gani, mzee?"

"La kumtafuta."

Akaniandikia kwa mkono wake. Nilisome tena hapa nilivyolisoma siku ile: "Anatafutwa mwanamume mmoja, umbo la kawaida, aliyeingia wodi ya wazazi kwa hila. Mtu huyu ana kikohozi na hana haya. Ajitokeze mwenyewe. Hatashtakiwa. Atapewa kitanda, chakula mara tatu kwa siku bure kwa siku kumi na nne, na barua ya ruhusa kwa mwajiri wake."

"Mzee, hapo kwenye hana haya," nikasema, "hatuwezi kulegeza kidogo?"

"Wewe unamwonea huruma mtu aliyemwambukiza mwanao?"

"Hapana, mzee."

"Na simu ya ofisi imekatika. Weka namba yako."

Kwa msioijua kazi hii, huwa tunarekodi mara mbili. Ya kwanza ni ya kupasha koo, ya pili ndiyo ya kweli. Najifunika koti kichwani ndani ya gari ili sauti isirudi, Dereva anabonyeza kitufe, nikimaliza anaiweka izunguke yenyewe, mimi nashika chupa ya chai. Siku hiyo ile ya kupasha koo ilinitoka vibaya. Nilipofika kwenye "mtu huyu ana kikohozi", koo likanisaliti. Nikakohoa mara tatu, kikohozi kikavu, ndani ya kipaza. Nikamwambia Dereva aifute, tukarekodi ya pili ikawa safi.

Dereva hakufuta kitu. Dereva yule hata uchafu wa gari hafuti. Akaweka ya kwanza.

Mimi nilikuwa nimeziba masikio kwa aibu, sikusikia. Niliona tu watu wanacheka. Mama mmoja muuza mkaa alikaa chini kabisa. Watoto wakatufuata wanakariri: mtu huyu ana kikohozi, kho kho kho. Nikadhani dunia imeharibika, watu wanacheka msiba wa mtoto mchanga. Tulizunguka hospitali mara nne kabla sijazibua masikio.

"Umeweka ipi?" nikamuuliza Dereva.

"Hii nzuri zaidi," akasema. "Ina mfano ndani yake."

Kabla sijamjibu, simu yangu ikaita.

"Halo. Mimi ndiye yule mtu."

"Mtu gani?"

"Mnayemtafuta. Nimejitokeza. Chakula kinaanza leo au kesho?"

Nikakata. Ikaita tena, sauti nyingine, ya mzee.

"Kijana, dhamiri inanisumbua. Nilimbusu yule mtoto."

"Ulimbusu wapi?"

"Wodini."

"Sehemu gani ya mwili, mzee wangu?"

Akafikiri. "Mkononi."

"Siyo wewe."

"Basi mwambie mkubwa wako niko tayari kujirekebisha."

Hadi saa sita walikuwa wamepiga saba. Mmoja alikiri kwa niaba ya kaka yake ambaye hapendi kuamka mapema. Mmoja aliuliza kama anaweza kuja na mke. Na mimi, mtaniona kichaa, nilianza kuona wivu. Kila mmoja anadai amembusu binti yangu, tena wengine wanasimulia vizuri kuliko ilivyokuwa. Wa saba alikuwa kinyozi, saluni yake imefungwa kwa amri ambayo mimi mwenyewe niliitangaza.

"Ulimbusu wapi?" nikamuuliza.

"Kila mahali," akasema. "Mtoto mzuri yule, ningemchaguliaje pa kumbusu?"

Nikamwambia simjui, nikakata.

Simu ya nane ilikuwa ya mke wangu.

"Nimesikia tangazo," akasema.

"Ndiyo."

"Limepita hapa chini ya dirisha mara nne."

"Ndiyo. Ni kazi."

Nikamsikia mtoto akipiga chafya, na yeye akimwambia pole mama, pole.

"Homa imeshuka leo asubuhi," akasema. "Ananyonya. Lakini nilijivuta kumchukua, mshono ukaachia kidogo. Wamenishona tena."

"Pole, mke wangu."

"Sauti yako ni nzuri," akasema. "Inasikika vizuri sana." Akakata.

Nilishuka garini pale pale. Dereva akauliza naenda wapi na tangazo halijakwisha. Nikamwambia litakwisha sasa hivi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na maneno hayo nimeyatangaza mwaka mzima bila kuyasikia. Nilipokuwa ninapanda ngazi za hospitali, moyo ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya vazi jeupe. Nilitaka mke wangu apate mama yake. Lingine lolote lije baadaye.

Bwana Afya alikuwa koridoni, mbele ya kioo, na meza yake ndogo na muhuri. Nikasimama mbali.

"Mzee, yule mtu ni mimi."

Hakuinua kichwa. "Umechelewa. Amepatikana."

Kwenye benchi alikuwa amekaa mwanamume mrefu, begi la nguo magotini, barakoa mpya usoni. Akanipungia mkono.

"Mimi ndiye kinyozi," akasema. "Tuliongea."

"Mzee, huyu ni mwongo. Mimi ndiye niliyevaa lile vazi. Mimi ndiye niliyekohoa kwenye tangazo."

"Yeye pia amekohoa," Bwana Afya akasema.

Kinyozi akakohoa. Alikohoa vizuri, kwa mpangilio, hata mimi ningemwamini.

Nikamwendea, nikakumbuka, nikarudi hatua mbili. "Kaka, niachie hii. Mtoto ni wangu."

"Kaka, mtoto ni wako, wala sikatai," akanijibu kwa sauti ya chini. "Mimi ninachotaka ni kitanda."

Bwana Afya akagonga meza. "Fomu inapokea mmoja. Tutamuuliza mama wa mtoto, ndiye shahidi."

"Alikuwa amelala, mzee."

"Vizuri. Basi hana upendeleo."

Akatusimamisha mbele ya kioo, kinyozi kulia, mimi kushoto. Mke wangu alikuwa amekaa, mito mitatu mgongoni, mtoto kifuani. Alikuwa amekonda. Nilimwona binti yangu kisogo tu na sikio moja, dogo, na nikatamani nivunje kile kioo. Nikashusha barakoa kidogo, asije akasema hakuniona.

"Mama," Bwana Afya akasema kwenye simu, "kati ya hawa wawili, ni nani aliyeingia humo na kumshika mtoto?"

Aliniangalia mimi. Aliniangalia muda mrefu, macho yake hayana machozi wala hasira. Nikainua mkono, kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Huyo wa kulia," akasema.

Muhuri ukagonga.

"Mke wangu, hapana," nikasema. "Tazama vizuri."

Alikuwa ameshaanza kumbadilisha mtoto upande wa kunyonya.

Mambo yakaenda haraka, kwa mara ya kwanza katika ofisi ile. Mlango wa stoo ya magodoro ukafunguliwa. Kinyozi akaingia na begi lake, akauliza chakula cha mchana kama kimeshapita. Mama mkwe akatoka. Muuguzi alikuwa anamsubiri kwenye mlango wa wodi na vazi safi, amvalishe, arudi kwa mwanawe.

Lakini mama mkwe hakuelekea wodini kwanza. Aliniona mimi.

"Mkwe wangu," akasema, na uso wake wote ukafunguka. "Umemtafuta hadi umempata."

Akaja na mikono ameitandaza. Yule mama hajawahi kunikumbatia tangu nimuoe bintiye, na siku aliyochagua ni ile. Nikarudi nyuma. Akaja. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Hatua tatu zaidi angenigusa, halafu angeingia moja kwa moja mule ndani, amchukue mtoto.

"Mama, simama hapo hapo," nikasema.

Akasimama, mikono bado imetandazwa. "Kwani nina nini? Mara mbili wameniambia sina."

"Wewe huna kitu, mama. Mimi ndiye ninacho. Mimi ndiye niliyeingia na lile vazi wakati wewe unafua. Yule kinyozi hajui hata mtoto anafananaje."

Mikono yake ikashuka. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Siku nne," akasema. "Siku nne nimelala mle ndani, na wewe unapita hapo nje na gari."

"Ndiyo, mama."

"Nami nikawa nakuombea."

Nililia, na siku hiyo sikuwa na miwani ya wapuliza dawa ya kuficha machozi.

Bwana Afya akaifunika fomu kwa viganja viwili. "Spika, muhuri umeshagongwa. Usiniharibie karatasi."

Mama mkwe hakumjali. Alisimama pale alipo, katikati ya korido, akapaza sauti kuelekea kwenye simu ya ukutani.

"Mwanangu, unasikia huku? Mumeo anasema ni yeye aliyemletea mtoto ugonjwa. Anasema alijua tangu siku ya kwanza. Nimfanyeje mumeo?"

Upande wa pili wa kioo mke wangu alikuwa anamfunika mtoto shuka. Alimaliza kumfunika kwanza, akamfuta mdomo, akavuta simu taratibu.

"Mume gani, mama?" akauliza.